Filamu na lenzi za kupiga picha usiku kwa kamera ya inchi 4x5

Swali: Nina kamera ya inchi 4x5 na lenzi moja ya milimita 210, f/5.6. Mchana nimeshaizoea. Sasa nataka kupiga usiku: kwanza majengo yenye taa mjini, halafu mandhari ya wazi chini ya mbalamwezi. Nimeshauriwa ninunue filamu ya ISO kubwa kabisa nitakayoipata na nitafute lenzi ya kasi zaidi. Je, ndivyo? Na filamu ya rangi inafaa?

Jibu: Ushauri huo unamfaa mtu mwenye kamera ndogo ya kushika mkononi. Kwa kamera yako mambo ni tofauti kabisa. Kamera imetulia kwenye tripodi, shata iko wazi kwa dakika kadhaa, na katika hali hiyo namba ya ISO iliyochapishwa kwenye boksi, yaani kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga, haisemi tena ni filamu ipi itakayomaliza kazi mapema. Linalosema ni jinsi filamu inavyovumilia mwanga hafifu kwa muda mrefu, na hapo filamu hutofautiana mno. Lenzi nayo, kasi yake (ukubwa wa tundu lake la kuingizia mwanga) usiku ni msaada kwa jicho lako wakati wa kufokasi. Filamu yenyewe mara nyingi haitaiona kasi hiyo, kwa sababu utakuwa umeshaibana lenzi hadi f/11 au zaidi; namba ya f ikipanda, tundu linakuwa dogo.

Nianze na filamu. Mchana ukipunguza mwanga kwa nusu na kuongeza muda mara mbili, negativu inatoka ile ile. Muda ukishapita sekunde moja hivi, hesabu hiyo inaanza kuvunjika. Punje ya chumvi ya fedha iliyo ndani ya filamu inahitaji kupata chembe kadhaa za mwanga kwa kufuatana ili alama ijengeke na kudumu. Mwanga ukiwa haba, atomu ya kwanza ya fedha hujitokeza lakini haijawa imara; isipopata mwenzake mapema inapotea, na punje inarudi ilikokuwa. Ndiyo maana kivuli kizito kinaweza kukaa mbele ya lenzi dakika nzima na bado kisiache kitu. Mwanaastronomia Mjerumani Karl Schwarzschild, aliyekuwa akipima mwanga wa nyota kwa picha, aliieleza tabia hii mwaka 1900, na mpaka leo tunaitumia hesabu iliyotokana na kazi yake.

Sasa tuone inavyokuwa kwa filamu zenyewe. Chukua uchochoro wenye taa moja kwa mbali, ambapo mita ya mwanga ikiwekwa ISO 100 inakupa sekunde 100 kwa f/16. Ukipakia T-Max 100, jedwali la Kodak linasema uongeze stopu moja (kila stopu huzidisha mwanga mara mbili), yaani sekunde 200. Ukipakia Delta 100 ya Ilford utahitaji sekunde 330 hivi. Fomapan 100, ambayo mchana ni filamu nzuri tu, inataka muda uzidishwe mara 16: dakika karibu 27. Hizi zote ni ISO 100, na uchochoro ni ule ule.

Linganisha sasa na zile za kasi. Tri-X 320, ambayo ndiyo Tri-X inayouzwa kwa shiti, yaani kipande kimoja kimoja cha 4x5, ingesomwa na mita sekunde 31. Lakini kwa Tri-X sekunde 10 huwa 50, na sekunde 100 huwa 1,200. Ukikadiria katikati ya namba hizo, sekunde 31 zako zinafika dakika nne hivi. Kwa hiyo filamu ya 320 imechelewa kuliko T-Max 100, na faida yake yote ya ISO imeliwa. HP5 Plus kwa ISO 400 inaanza na sekunde 25 na kuishia 68 hivi. T-Max 400 inaanza na 25 hizo hizo na kuishia karibu 50. Hizo mbili za mwisho ndizo filamu za kasi ambazo usiku hubaki na kasi yao.

Kwa filamu za Ilford huhitaji hata jedwali. Chukua muda wa mita kwa sekunde, uupandishe kwa kipeo cha filamu hiyo: 1.31 kwa HP5 Plus, 1.26 kwa FP4 Plus na Delta 100. Kikokotoo cha simu kina kitufe cha vipeo ukiilaza simu upande. Sekunde 60 za mita zinakuwa 214 kwa HP5 Plus, na 174 kwa FP4 Plus. Usisahau tu kwamba FP4 ni ISO 125, kwa hiyo mita yenyewe itakupa muda mrefu zaidi kabla hujaanza kuupandisha.

Mimi ningekuambia uanze na HP5 Plus, boksi moja, na usichanganye na nyingine mpaka uielewe. Chembe zake zisikutie hofu. Kukuza 4x5 hadi inchi 16x20 ni kukuza mara nne tu, na kwa ukuzaji huo chembe za filamu ya ISO 400 karibu hazionekani. Tena HP5 husamehe makosa ya kusafisha kuliko T-Max, na usiku, tofauti ya mwanga na giza inapokuwa kubwa, msamaha huo ni mali. Ukishapata mkono, na ukitaka vivuli safi zaidi kwenye picha za mjini, hapo nunua T-Max 100 na uwe na subira ya dakika chache zaidi.

Utasikia wakongwe wakiisifia Fuji Acros, na sifa zake ni za haki: Acros ya zamani haikuhitaji nyongeza yoyote mpaka sekunde 120, na kutoka hapo hadi sekunde 1,000 nusu stopu ilitosha. Lakini Acros II iliyotoka mwaka 2019 ni ya milimita 35 na rola za 120. Ya shiti haipo. Ukikuta shiti za zamani zilizohifadhiwa kwenye friza, zichukue. Filamu za ortho ziache nyumbani. Ortho Plus ya Ilford ni ISO 80 kwa mwanga wa mchana na inashuka hadi 40 chini ya balbu za mwanga wa njano, kwa sababu haioni wekundu, na taa nyingi za usiku zina wekundu mwingi.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitegemei. Filamu inapochoka kwa muda mrefu, haichoki sawasawa. Vivuli vinapata mwanga kidogo, kwa hiyo vinapoteza zaidi. Taa na kuta zilizoangaziwa zina mwanga wa kutosha na zinaendelea kujijaza kama kawaida. Matokeo yake kontrasti, yaani tofauti ya mwanga na giza, inapanda, juu ya kontrasti ambayo usiku tayari unayo. Kwa hiyo pima kivuli, si taa. Kama una mita ya nukta, ile inayopima sehemu ndogo tu ya mandhari, ielekeze kwenye kivuli chenye umuhimu, kile ambacho unataka maumbo yake yaonekane, kisha punguza stopu mbili kutoka kwenye kipimo hicho. Ndipo ukokotoe nyongeza ya muda. Kisha punguza muda wa kusafisha. Kwa Tri-X, Kodak walipendekeza kupunguza asilimia 10 kwa sekunde 1, asilimia 20 kwa sekunde 10, na asilimia 30 kwa sekunde 100. Kwa HP5 yenye taa ndani ya fremu mimi naanza na asilimia 20 na kurekebisha nikishaiona negativu. Dawa iliyochanganywa na maji mengi na kutikiswa kwa nadra inasaidia pia: dawa iliyogusa sehemu za taa huchoka haraka, huku ile ya kwenye vivuli ikiendelea na kazi.

Taa yenyewe, ile balbu, iache iungue. Hakuna filamu itakayokupa waya wa balbu na kivuli cha mlango kwa pamoja. Kinachofaa kulindwa ni ukuta ulio karibu na taa. Huo ukibaki na maumbo yake, jicho linaridhika.

Tuje kwenye lenzi. Kwa majengo mjini, 210 yako ni nzuri, usiidharau. Tukichukua kipimo cha kawaida cha 4x5, yaani kukubali ukungu wa milimita 0.1 kwenye filamu, lenzi ya 210 iliyobanwa f/11 na kufokasiwa mita 40 inakupa ukali kuanzia mita 20 hivi hadi upeo. Majengo ya ng'ambo ya barabara pana au ya ng'ambo ya mto yanaingia humo bila shida, na muda unabaki wa sekunde au dakika chache. Jengo lililoangaziwa vizuri huwa karibu sekunde 16 hadi 32 kwa f/16 na ISO 100, kabla ya nyongeza.

Mbalamwezi ni habari nyingine. Huko utataka mawe au majani ya mbele yawe makali pamoja na milima ya nyuma, na hapo urefu wa fokasi ndio unaoamua kila kitu. Tuseme unataka ukali kuanzia mita 5 hadi upeo. Lenzi ya milimita 90 inafanya hivyo kwa f/8. Ya 150 inahitaji f/22. Yako ya 210 inahitaji f/45. Mwezi mpevu angani, HP5 kwa f/8 inasomwa sekunde kati ya 60 na 120, tuchukue 90. Kwa lenzi ya 90, sekunde hizo zinapanda hadi dakika sita. Kwa lenzi ya 150 kwenye f/22, muda wa mita umezidishwa mara nane, na baada ya nyongeza unafika kama dakika 92. Kwa 210 kwenye f/45, hesabu inatoka zaidi ya saa tisa za kusubiri, na muda wote huo mwezi unahama na vivuli vinahama nao. Soma tena namba hizo: dakika sita, saa moja na nusu, saa tisa. Huwezi kuziba pengo hilo kwa kununua filamu ya kasi zaidi.

Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kununua lenzi ya pili, nunua ya 90. Usikimbilie ile iliyo na f ndogo kabisa. Watu huvutiwa na Aero Ektar ya milimita 178, f/2.5, iliyotengenezwa na Kodak kwa ajili ya ndege za upelelezi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni nzito, haina shata, kioo chake kina thoriamu yenye mionzi na hugeuka njano kwa miaka. Kwenye f/2.5 ukali wake ni wembamba kiasi kwamba mandhari haiwezekani. Kwa picha ya uso wa mtu ina uzuri wake wa pekee. Kwa unachotaka wewe haikusaidii.

Ndani ya zile za 90 kasi ina maana, lakini kwa ajili ya macho yako. Super-Angulon ya Schneider ipo ya f/8 na ya f/5.6; Nikkor-SW ipo ya f/8 na ya f/4.5, Grandagon ya Rodenstock ipo ya f/6.8 na ya f/4.5. Kioo cha kufokasia nyuma ya kamera kinang'aa mara mbili ukitoka f/8 kwenda f/5.6, na karibu mara tatu ukifika f/4.5. Usiku hiyo ni tofauti kati ya kuona ukingo wa jengo na kupapasa. Zile za kasi ni nene na nzito, na filita zake ni kubwa. Mimi ningebeba uzito huo. Ikiwa unaweza kufika mahali pako kabla jua halijazama, upange fremu na kufokasi wakati bado kuna mwanga, basi f/8 inatosha na mgongo wako utashukuru. Angalia pia kwamba kamera yako inakubali 90: mivukuto ya kawaida, ile mikunjo inayounganisha lenzi na nyuma ya kamera, ikibanwa sana inakuwa migumu, na unaweza kuhitaji ile laini ya mfuko ili uweze kuinua lenzi kwa majengo marefu.

Pembe za picha ya 90 hupata mwanga kidogo kuliko katikati. Kuna filita maalumu ya kusawazisha hilo, yenye giza katikati, nayo hula kama stopu moja na nusu. Usiku usiitumie. Stopu moja na nusu baada ya filamu kuchoka inaweza kuwa nusu saa, na mara nyingi pembe za picha ya usiku ni anga jeusi tu.

Kabla hujanunua chochote, lakini, jifunze kuinamisha lenzi. Kamera yako inaweza kufanya hivyo, na kanuni yake inaitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, Mwaustria aliyeiandikia hataza mwaka 1904. Ukiwa na 210 iliyo mita 1.5 juu ya ardhi tambarare, iinamishe mbele nyuzi nane hivi, na bapa la ukali litalala juu ya ardhi kutoka miguuni pako hadi upeo. Hapo f/11 au f/16 zinaweza kutosha badala ya f/45. Mipaka yake ni vitu virefu vilivyo karibu: mti wa mita kumi ukisimama mbele yako, kilele chake kitakuwa nje ya bapa hilo. Kwa ufuo, uwanda au barabara tupu, ni dawa kamili.

Namna ya kufokasi gizani: usitegemee umbo la kitu, tafuta nukta ya mwanga. Taa ya mbali kwenye kioo ni duara ukiwa nje ya fokasi, na inajikusanya kuwa nukta ukifika. Penye giza tupu, weka tochi ndogo juu ya jiwe unalotaka liwe kali, iangalie kwa lupu (kioo cha kukuzia), kisha kaiondoe. Kwa 90, mchana tia alama ya upeo kwenye reli ya kamera ili usiku uirudie tu.

Ondoa filita ya kulinda kioo. Taa zikiwa ndani ya fremu, filita bapa huzirudisha kama vivuli vya mwanga vilivyopinduliwa upande wa pili wa picha. Kwa sababu hiyo hiyo chagua lenzi iliyopakwa tabaka nyingi za kuzuia mwako; lenzi ya zamani isiyopakwa kitu itajaza vivuli vyako ukungu. Kama unapenda taa ziwe na miale ya nyota, hesabu visu vya tundu la lenzi: visu vitano vinatoa miale kumi, saba vinatoa kumi na nne, na visu vya idadi shufwa vinatoa miale sawa na idadi yake. Tundu lenye visu vingi lililo karibu na duara kamili halitoi miale inayoonekana wazi.

Shata iwe na T, ambayo inafunguka kwa kubonyeza mara moja na kufunga kwa kubonyeza tena. Kama ina B peke yake, ambayo hubaki wazi ukiwa umebonyeza tu, tafuta waya wa shata wenye kufuli. Beba kadi nyeusi: gari likija na taa zake, ziba lenzi bila kuigusa, simamisha saa, likipita endelea.

Mambo mawili huharibu shiti nzuri bila mpigaji kujua. La kwanza ni filamu kujikunja ndani ya holda, yaani kibebeo cha shiti. Shiti iliyotoka mahali pakavu ikikutana na hewa yenye unyevu inaweza kujongea katikati ya muda wa kupiga, na ukali unaondoka. Weka holda kwenye kamera, vuta kifuniko chake, ngoja dakika chache kabla ya kufungua shata. La pili ni umande. Lenzi inayotazama anga wazi hupoa kuliko hewa, na baada ya nusu saa inaweza kuwa na ukungu. Funga kifuko cha kupashia mikono kwa raba kuzunguka lenzi, na uangalie kioo chake cha mbele kwa tochi iliyozibwa kidole, ukisimama nyuma ya kadi yako nyeusi.

Nyota hazitakuwa nukta. Kwa lenzi ya 150 nyota iliyo juu ya ikweta ya anga husogea milimita 0.1 kwenye filamu kwa sekunde tisa hivi, na kwa 210 husogea mapema zaidi. Panga fremu ukijua utapata mistari, au upige wakati mwezi unang'aa kiasi cha kuzifunika nyota nyingi.

Kuhusu rangi: inafaa, lakini ianze baadaye. Katika slaidi, Provia 100F ya Fuji ndiyo mfalme wa usiku. Haihitaji nyongeza hadi sekunde 128. Ektachrome E100 inakwenda hadi sekunde 10 bila marekebisho. Velvia 50 inaanza kudai nyongeza na filita kuanzia sekunde 4, na Fuji hawaishauri ukifika sekunde 64. Negativu za rangi kama Portra 160 na Ektar 100, Kodak wanazithibitisha hadi sekunde moja tu. Zaidi ya hapo ujaribu mwenyewe, na ukizidisha mwanga kidogo hazilalamiki kama slaidi. Filamu za shiti zilizotengenezwa kwa taa za balbu hazitengenezwi tena, kwa hiyo kuondoa unjano kunahitaji filita ya bluu ya 80A inayokula stopu mbili. Kwa muda wa dakika, stopu mbili ni nyingi mno. Afadhali uache unjano uwepo au uurekebishe baada ya kuskani.

Ila kuna taa ambazo hakuna filita wala skana itakayozirekebisha: zile za sodiamu za shinikizo dogo, ambazo hutoa karibu rangi moja tu ya njano. Kabla ya kupakia shiti ya rangi, tazama kitu chekundu kilichosimama chini ya taa hizo, gari kwa mfano. Likionekana la kahawia au la kijivu, wekundu haupo kwenye mwanga na hautaingia kwenye filamu. Mahali hapo pakia HP5.